Jina Chini ya Sufuria

Tumemzika Nietiwe juzi, kwao Mamba, milimani juu ya Same, pembeni ya shamba la tangawizi, udongo ukiwa bado umelowa mvua. Mchungaji alisema maneno mazuri. Mwalimu mkuu wa shule aliyokuwa akipikia alisema maneno mazuri. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mpole, mtaratibu, mtu asiye na makuu, na mimi nimekaa kwenye jamvi na kanga yangu nasaga meno. Mpole! Mpole wa wapi? Nietiwe niliyemjua mimi alipanda juu ya kreti la soda siku ya gulio pale Same, akagonga sufuria kwa mwiko mpaka mbuzi wa Wamasai wakakata kamba. Mwaka ule hakuna aliyeutaja hata kwa bahati mbaya. Nimerudi mjini nina hasira, na kwa kuwa umri umenifundisha kutopayuka, nimekaa nauandika. Nani kazaa nani na nani katoka ukoo gani, hayo waulizeni wazee. Mimi naanza na chumba.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi, kina dirisha moja ambalo halikuwahi kufunga vizuri. Mtu anayeijua Same anajua maana yake. Upepo ule ukianza mchana, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Ndani kulikuwa na maboksi ya vyombo kutoka Kariakoo yamepangwa mpaka karibu na bati: vikaango, hotipoti, chupa za chai, masufuria yaliyoingizwa moja ndani ya jingine. Kitanda hatukuwa nacho. Godoro la Nietiwe lilikaa juu ya maboksi ya vikaango, na mteja akiagiza kikaango ilibidi tuinue godoro tumtolee. Wiki ambayo biashara ilichangamka, godoro lilizama upande mmoja, na Nietiwe alilala ameteremkia ukutani huku anacheka. "Namsi," aliniambia, "siku nikilala sakafuni kabisa ujue tumetoboa." Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, ulimi ninao. Yeye alikuwa na mtaji aliouokoteza kwa kuuza tangawizi, na simu ya kioo, na simu za kioo enzi hizo zilikuwa bado za wachache. Tukafungua duka lisilo na mlango wala kaunta, duka la kwenye simu, na watu wa Same wakatuona vichaa.

Sababu ya yote hayo ilikuwa na miaka mitano na iliishi Ndungu. Iliitwa Pendo. Nietiwe alimzaa Pendo na dereva wa malori aliyepeleka mzigo Tunduma akaona huko kunamtosha, hakurudi. Mtoto akabaki kwa bibi yake, mama wa yule dereva, maana Nietiwe wakati ule alikuwa anahangaika na vibarua na hana hata pa kumlaza. Nilimsindikiza mara nyingi kwenda kumwona. Yule bibi alikuwa mtu wa heshima, mkavu, hacheki hovyo, lakini hutoki kwake na njaa. Alitupakulia wali mpya wa Ndungu, ule unaonukia kabla sahani haijafika, na maziwa ya mgando, akakaa pembeni anatutazama tukila. Pendo alikuwa amelala mapajani kwa mama yake, mdomo wazi. Nietiwe akasema, taratibu, macho chini, "Mama, nilikuwa naomba nimchukue mwanangu." Bibi hakukasirika. Akasema, "Unamchukua unampeleka wapi? Kwenye chumba cha masufuria? Mwanangu Nietiwe, mimi sikunyimi mtoto. Pata nyumba, pata kazi inayoeleweka, uje umchukue mchana kweupe, na kuku nitakupa." Tukala wali wetu tukamaliza. Njiani Nietiwe hakulia. Alikuwa anahesabu kwa midomo, sijui anahesabu nini, na tulipofika stendi akaniambia duka linaitwa Pendo Vyombo kuanzia siku hiyo.

Sasa kazi ikawa kulitangaza. Leo kila binti ana ukurasa wake na anajua kusema karibuni wapenzi huku anazungusha hotipoti mbele ya taa. Sisi tulitandika shuka jeupe uani asubuhi upepo haujaamka, tukapiga picha, tukazirusha kwenye makundi ya kwaya, ya vikoba, ya waliosoma pamoja. Watu wakajibu kwa vidole gumba, kununua hakuna. Nilimuuliza mama mmoja muuza nyanya, mteja wangu wa kila siku, kwa nini hanunui na bei ameipenda. Akanitazama kama nimemtukana. "We binti, sufuria nalinunua kwenye picha? Nitaligongaje?" Jamani, ndipo nikaelewa. Mwanamke wa huku hanunui sufuria kabla hajalinyanyua kwa mkono mmoja apime uzito, kisha akalipiga kwa kifundo cha kidole alisikilize. Likilia kama kopo analirudisha. Likinguruma analipa. Nilirudi mbio nikamwambia Nietiwe, na kuanzia hapo hatukupiga tena picha, tulirekodi mlio. Anashika sufuria karibu na simu, analigonga, anasema, "Sikia hilo, mama! Hilo siyo kopo!" Ile sauti yake ya kwaya na ule mlio wa sufuria vikasambaa mpaka kwenye simu za watu ambao hatukuwajua. Oda ya kwanza ya mbali ilitoka Kisiwani. Tukalifunga sufuria kwa magazeti, tukamkabidhi konda wa basi, tukashinda siku nzima hatuna raha mpaka yule mama alipopiga simu na kuligonga sufuria sikioni mwetu tulisikie limefika zima.

Tuliishi kwa makande mwaka ule. Tuliyapika Jumapili sufuria moja, tukayala mpaka yalipoanza kutuchukia. Chai ya tangawizi ilitoka kwao Nietiwe, kali ya kuchoma koo, na jioni tukikaa mlangoni nayo tulisikia mafundi wa duka la mbele wakitusema. "Hao wanauza vyombo au wanauza sauti?" Mwingine anajibu, "Wanauza sauti, chombo ni nyongeza." Nilitaka kutoka nikawape zao, Nietiwe akanivuta gauni. "Waache waseme. Wakisema wametutangaza." Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mimi nilikuwa na mdomo lakini yeye ndiye aliyekuwa na akili ya biashara, na akili ile ndiyo iliyotuletea ule mpango wa kuandika jina.

Wazo lilimjia kwenye sherehe ya kipaimara, huko huko milimani. Mnajua shughuli zetu zilivyo. Kila mama anakuja na sufuria lake kubwa, na chini ya sufuria kaandika jina asije akaibiwa: Mama Elia, Mama Tumaini, jumuiya fulani. Shughuli ikiisha masufuria yanaoshwa na kufunikwa chini juu kwenye majani yakauke, na wanawake wamekaa wanasubiri, hawana la kutazama isipokuwa matako ya masufuria. Nietiwe aliniminya mkono. "Namsi, lile ndilo bango." Wiki ile ile tukachukua masufuria yetu makubwa kuliko yote, tukampelekea fundi bati, akadonoa kwa msumari na nyundo, herufi kubwa zisizofutika kwa moto wala stilwaya ya kusugulia: PENDO VYOMBO, na namba ya simu chini yake. Tukatangaza kwamba mwenye shughuli asihangaike kukodi, Pendo Vyombo inaazima bure, sharti urudishe safi. Weee! Tulishangaa wenyewe. Harusi, kipaimara, kicheni pati, masufuria hayakulala ndani. Na palipotoka masufuria simu ziliingia. Mama Fulani kasoma namba akiwa anasubiri kuondoka, anataka hotipoti sita za mchumba wa mwanawe.

Kisha mvua kubwa zikaja na wazee wakaanza kuondoka, kama wanavyoondoka msimu wa baridi, mmoja anamfuata mwenzake. Watu wakaja kuazima kwa ajili ya misiba. Mimi sikupenda, nikasema tuliazima kwa furaha, hatukuazima kwa matanga. Nietiwe akanikatiza. "Mtu kafiwa na baba yake, unataka nimwambie alete kadi ya mwaliko?" Na kweli, kwa mila zetu nani anamnyima mfiwa sufuria? Tukaazima. Ikawa kila kwenye msiba kuanzia Same mpaka huko juu unalikuta jina. Wapishi nao, mnawajua wapishi wa shughulini, hawana muda wa kusema sufuria lililoandikwa Pendo Vyombo. Wakalifanya mtu. "Mlete Pendo huku." "Pendo ana maharage, msimguse." "Pendo keshaoshwa?" Nietiwe alifurahi sana. Kila jina lile lilipoitwa uso wake ulifunguka kana kwamba mtoto mwenyewe kapita mlangoni, na sikuwa na moyo wa kumsumbua tena na habari ya matanga. Wakati huo alikuwa keshapanga nyumba ya vyumba viwili upande wa kanisani, kaipaka rangi mwenyewe, kanunua kitanda kidogo na neti ya rangi ya waridi. Kitanda hicho kilikuwa na chaga. Yeye aliendelea kulala juu ya vikaango vyake, chumba cha pili akakifunga mpaka mwanawe aje.

Siku ninayotaka kuisimulia ilitokea Ndungu. Mzee mmoja alifariki, jirani wa ukuta kwa ukuta na bibi yake Pendo, na bibi mwenyewe ndiye aliyetuma ujumbe kupitia kwa konda: mwambieni Nietiwe alete yale masufuria yake. Nietiwe aliruka. Mnaelewa maana yake? Yule mama aliyemwambia chumba cha masufuria, leo anayaita masufuria mbele ya majirani. Tulikodi gari dogo la mizigo, tukateremka na masufuria yote makubwa. Bibi alitupokea vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, poleni na safari." Akamvuta Nietiwe pembeni, nikasikia kwa masikio yangu akimwambia, "Nimesikia una nyumba. Matanga yakianuliwa, tutaongea." Pendo alikuwa anakimbia na watoto wenzake nyuma ya jiko la nje, kavaa gauni la njano, na Nietiwe alijishika kifua kwa mikono miwili, akaniambia, "Namsi, nitakufa kwa furaha msibani, watanishangaa."

Tulikaa kwenye mkeka kwenye jiko la nje tunamenya vitunguu. Bibi alikuwa ndani na wafiwa. Wali ulikuwa kwenye mafiga, moto mkali, kuni za mkwaju, na mpishi mkuu alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mashambani. Akafunua kifuniko akapiga yowe. "Jamani, Pendo anaungua! Pendo anaungua huku!" Nietiwe hakuinua hata kichwa. Alisema, "Chomoeni kuni, mtilieni maji kidogo pembeni," akaendelea na kitunguu chake. Angesema tu yule mama kwamba sufuria linaungua! Neno moja lile, linaungua, na maisha ya watu watatu yangekwenda njia nyingine. Alisema anaungua, kama walivyozoea wote, na sisi wote pale tulijua anasema nini. Ndani ya nyumba kulikuwa na mtu mmoja asiyejua.

Bibi alitoka na mlango. Sijawahi kuona mtu mzima akikimbia vile. Hana viatu, kanga imebaki ndani, karuka miguu ya watu, kapiga teke beseni la mchele, akaanguka mbele ya mafiga na mikono yake miwili ikaingia kwenye majivu ya moto. Hakuisikia ile mikono. "Yuko wapi? Mtoto yuko wapi?" Pendo alikuwa amesimama pale pale kwenye rundo la kuni, ana kipande cha ukoko mkononi, mzima, anatetemeka. Mtu mmoja alicheka, kwa hofu tu nadhani, na mpishi akasema, "Mama, samahani, ni sufuria. Pendo ni sufuria." Bibi akakaa chini. Akasema, "Nionyesheni." Likapinduliwa sufuria jingine lililokuwa tupu. Miwani hakuwa nayo, akapitisha kidole kilichoungua juu ya vile vishimo vya msumari, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kwanza alisema kwa Chasu, lugha yetu ya milimani, peke yake. Kisha akasema kwa Kiswahili wote wasikie. "Hili ni jina la mama yangu mzazi. Mimi ndiye niliyempa huyu mtoto. Wewe umelikalisha motoni. Umelizungusha misiba yote ya nchi hii." Nietiwe alikuwa keshapiga magoti. "Nisamehe mama. Nilitaka limfikie kila mtu." Bibi akaondoa kidole kwenye sufuria. "Limefika," akasema.

Hayakuongelewa tena. Matanga yalianuliwa, jibu likaletwa na mzee wa kanisa: mtoto atakaa Ndungu mpaka atakapojua mwenyewe pa kwenda. Habari ikapanda mlima haraka kuliko tangazo lolote tulilowahi kurusha. Akina mama wa mabibi harusi wakaanza kuuliza kwanza, hivi hivyo vyombo ni vya wale wa misiba? Nani atampa bintiye zawadi yenye jina alilolisoma kwenye matanga? Tulijaribu kubadilisha jina la duka. Tulimrudia fundi bati ayasawazishe yale maandishi, akagonga mpaka sufuria likaingia shimo, jina bado unalisoma. Nietiwe aliuza vilivyobaki kwa mfanyabiashara wa Hedaru, akaurudisha ufunguo wa nyumba, na kitanda kidogo akampa mwenye nyumba. Mimi nilipata kazi Moshi. Yeye akaenda kupika shuleni, na huko ndiko alikojifunza huo upole waliousifia kaburini. Haukuwa upole, jamani. Alikuwa amevunjika.

Alikwenda Ndungu kila alipopata nafasi, na zawadi mkononi, na bibi alimpakulia wali kama kawaida. Pendo alimaliza darasa la saba, Nietiwe akaenda kumwuliza mwenyewe, sasa ni mkubwa, atakuja? Pendo akasema atakaa na bibi. Akamaliza sekondari, akaulizwa tena, akajibu hivyo hivyo, kwa adabu, macho chini. Nilimchukia yule bibi kwa miaka yote hiyo, na nasema wazi kwamba sikulia alipofariki. Nilijiambia kamlisha mtoto sumu, kamwambia mama yako aliuza jina lako. Nietiwe alinikatalia. "Hajamwambia kitu, Namsi. Mtoto tu hanitaki."

Jana Pendo amekuja kwangu. Ni mwanamke sasa, mrefu, ana mabega ya mama yake. Akaniamkia, "Shikamoo mamdogo," akakaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani, chai nikamtilia akaiacha ipoe. Nikaona nimsaidie. Nikaanza kumweleza habari za duka, lile jina, kile kitanda chenye neti ya waridi, nikamwambia bibi yako Mungu amrehemu alikosea kukuambia vile. Akatikisa kichwa. "Bibi hakuwahi kuniambia kitu kibaya juu ya mama," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kwenye kuni. Nilisikia wanasema Pendo anaungua. Nikajitazama gauni, nikatazama mikono, nikadhani labda naungua na sijui. Bibi akaja anakimbia. Mama alikuwa karibu kuliko bibi, mamdogo. Nilimwona. Alikuwa anamenya kitunguu."

Nikamwambia, "Mwanangu, alijua ni sufuria." Akasema, "Najua. Nimejua nilipokuwa mkubwa. Lakini wakati ule sikujua, na ile iliyoingia wakati ule haikutoka." Nikamwuliza kama aliwahi kumwambia mama yake. Akasema alimwambia, hospitalini, siku ya mwisho, mchana, walipokuwa wawili tu. Nietiwe alikuwa amefumba macho, akayafumbua, akamtazama. Akamwambia, "Mwanangu, ningejua na wewe umesimama pale unasikia, ningelikimbilia hata hilo sufuria." Pendo alijifuta uso kwa kiganja, haraka haraka, kama mtu anayefuta meza. "Nikamwambia basi mama, yameisha, nikitoka hapa nakuja kwako tukae wote. Nikamwambia mara mbili. Lakini alikuwa keshafumba macho tena, mamdogo, na sijui kama alinisikia."